Msitufungie Njia ya Ukingoni

Mwaka juzi niliitwa kwenye kikao kimoja pale Ruangwa. Nilikwenda kwa heshima ya aliyeniita, maana nilimfundisha darasa la tano na mpaka leo akiniona husimama, ingawa yeye mwenyewe sasa ana mvi. Tulikuwa watu kama ishirini. Akasimama kijana mmoja nadhifu, akatupa picha ukutani kwa mtambo wake, na picha ya kwanza ilikuwa ya ukingo wa Rondo, upande wa magharibi, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde linaonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Sikumlaumu kwa picha ile. Ilikuwa nzuri.

Akasema kwamba mahali pale ni "fursa iliyolala". Neno fursa siku hizi limekuwa kama chumvi, halikosekani katika chungu chochote. Ili kuiamsha fursa hiyo, akaendelea, panahitajika barabara ya gari mpaka juu, geti, kibanda cha tiketi, na hoteli ndogo yenye vioo ili mgeni alitazame bonde akiwa ameketi. Nikanyoosha mkono, nikauliza: "Na njia?" Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, barabara nimekwisha kuitaja." Nikamwambia kwamba sikuuliza barabara, nimeuliza njia. Watu wakacheka, mwenyekiti akasema tuendelee, nami nikaketi.

Nimekaa na kicheko kile kwa muda wa miaka miwili. Haya ninayoandika ni yale niliyoshindwa kuyasema siku ile, kwa sababu mzee akiongea sana kikaoni huonekana ameanza kupungukiwa.

Kwa msomaji asiyeijua Kusini, yafaa nieleze kwanza jinsi nchi yetu ilivyokaa. Milima ya tambarare ya Lindi na Mtwara imeumbwa kama paa la kibanda lenye mteremko wa upande mmoja. Mtu akitoka pwani hupanda polepole, kilometa baada ya kilometa, wala hajui kama anapanda. Kisha upande wa machweo paa linakatika, naye anajikuta amesimama ukingoni na ndege wanaruka chini ya miguu yake. Ndivyo ilivyo Newala, kwenye ukingo wa tambarare ya Makonde, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo macho yanashuka mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Rondo ni ndugu mdogo wa Makonde. Juu yake ni zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, kuna msitu wenye ukungu asubuhi, na kuna komba mdogo ambaye wataalamu walimtambua rasmi katika miaka ya 1990 wakampa jina la Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani hafikii hata uzito wa mkate wa shilingi mia tuliokuwa tukinunua zamani. Kati ya ndugu hawa wawili linapita bonde la mto Lukuledi. Ukisimama ukingo wa kusini wa Rondo wakati wa kiangazi, hewa ikiwa safi, unamwona ndugu mkubwa ng'ambo amelala kama nyangumi.

Mahali penyewe ninapopasema pana jina lake kwa Kimwera. Sitaliandika. Nimeona jinsi jina linavyoandikwa kwanza katika kitabu, halafu kwenye kibao, na baada ya kibao linakuja geti.

Sasa njia. Kutoka kijiji cha chini mpaka ukingoni ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima, na saa moja na nusu kwa mtoto, kwa kuwa mtoto hasimami kuvuta pumzi. Inaanza katikati ya mikorosho, inapita mashamba ya mihogo na mbaazi, inaingia miombo, halafu inaanza kupanda. Hapo ndipo mtu mwenye akili huona kazi ya mafundi wa kale. Njia haipandi wima. Inaukata mteremko kwa ubavu, inajipinda kwenye jiwe, inarudi, inajipinda tena, na kila pindo limekaa mahali ambapo mtu mwenye mzigo kichwani anahitaji kupumua. Hakuna mhandisi aliyeipima. Waliipima wanawake waliobeba maji, chumvi na vyungu, na watu waliokwenda misibani na kurudi. Tambarare zetu hizi ni kavu juu, maji yako chini. Kule Makonde, kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake walishuka ukingo na kupanda tena na mtungi, wakipoteza nusu ya siku kwa ajili ya maji ya kupikia. Hizo ndizo nyayo zilizochora njia za ukingoni. Mgeni mwenye viatu vya ngozi na fimbo mbili za chuma anayekuja leo kupanda kwa kujifurahisha anakanyaga kazi ya bibi zetu, nami simkatazi. Namwomba ajue tu.

Kwa baiskeli kuna namna mbili za kufika chini ya ukingo kutoka kwetu Nachingwea. Ya kwanza ni kufuata barabara ya Ruangwa, halafu kuiacha na kuingia njia za vijiji. Ya pili ninaipenda zaidi. Ni kufuata mabaki ya tuta la reli kuelekea mashariki, kwa vipande vipande, pale ambapo halijamezwa na mashamba. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mpango ulikufa mwaka 1951, serikali yao ikafuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Lakini tuta halikung'olewa. Na kwa kuwa garimoshi halipendi mlima, tuta lile limenyooka na mwinuko wake ni wa pole kiasi kwamba mzee wa miaka sabini na kitu anaweza kukanyaga pedeli bila kushuka. Nakiri kwamba karanga zao hazikunisaidia kitu, ila tuta nimelifaidi.

Vijana wanazo sasa baiskeli za gia, zenye matairi mapana yenye meno, wanazipenda kwa kushuka milima. Mimi nilikuwa na Swala, iliyotengenezwa hapa hapa nchini, isiyo na gia hata moja, na niliipandisha Rondo kwa kuisukuma. Sina ugomvi na gia. Ugomvi wangu ni mdogo: wakati wa masika baiskeli inayoshuka ikiwa imefungwa breki huchimba mfereji, maji yakaupata mfereji huo, na baada ya mvua mbili njia imekuwa korongo. Kwa hiyo baiskeli zishuke kuanzia Juni mpaka Oktoba, na mvua ikinyesha zipumzike. Tena mwenye baiskeli akikutana na mwenye mzigo kichwani, ashuke, akae kando. Sheria hiyo haikuandikwa popote lakini kila mtoto wa Kimwera aliyelelewa vizuri na wajomba zake anaijua.

Nimetaja masika na breki kana kwamba njia ipo na inangoja tu kutunzwa. Njia haipo tena. Hapa ndipo ninapolazimika kusema jambo ambalo nisingependa kulisema.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimojawapo chini ya ukingo. Kila mwezi wa Julai, mavuno yakiisha, nilipandisha darasa la sita na la saba mpaka juu. Niliita somo la Jiografia. Watoto walisimama ukingoni, nikawaambia wanionyeshe mto, barabara, shule yao. Shule haikuonekana wakati wowote bila mtoto mmoja kucheka, kwa sababu ilikuwa ndogo kama kiberiti, nasi chini tuliiogopa. Ninaamini kwamba watoto wale walijifunza ramani siku hiyo kuliko katika mwaka mzima wa chaki. Baadaye nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu niliwaambia walimu wanafunzi hivyo hivyo, nao wakaandika daftarini, na sijui ni wangapi waliopanda mlima wowote.

Mwaka 1987 mvulana mmoja aliteleza kwenye pindo la tatu akavunjika mkono. Tulimbeba kwa machela ya miti miwili na kanga, saa tatu mpaka kwa mganga wa zahanati. Mkono ulipona lakini ulipona umepinda. Mama yake hakunilaumu hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko lawama. Baada ya wiki mbili nikaletewa barua kutoka kwa wakubwa wangu, imeandikwa kwa mashine, ikitaka maelezo. Nikatoa maelezo. Nikasimamisha safari kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukawa miwili, kisha nikahamishwa, na mwenzangu aliyepokea shule alikuta safari haipo katika ratiba. Naye angeiweka kwa nini? Barua ilikuwa bado kwenye faili.

Watoto sitini kila mwaka, wakipanda na kushuka, ni nyayo nyingi. Zilipokoma, majani yakarudi. Maji ya bomba na visima yalipofika katika baadhi ya vijiji, wanawake nao wakaacha kushuka, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Kisha zikaja bodaboda, na mtu wa kwenda msibani juu akazunguka kwa barabara. Kila jambo lilikuwa jema peke yake.

Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu, ambaye ana baiskeli ya gia na alitaka kuona mahali ambapo babu anapazungumzia kila siku. Tulipofika mwisho wa mashamba tukakuta ua wa miiba, na ndani yake miche ya mikorosho, imepangwa kwa mstari kama wanafunzi asubuhi. Mwenye shamba alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini aliniamkia, akaniita mwalimu, akatuletea maji ya kunywa. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona umefunga njia?" Akasema, "Mwalimu, mimi niligawiwa hapa nikakuta hakuna njia."

Alisema kweli. Angeijuaje? Tulizunguka, tukapoteza saa mbili, mjukuu akasukuma baiskeli katika vichaka, na tulipofika juu jua lilikuwa limeinama na sikuweza kumwonyesha shule.

Basi nisimlaumu mwenye mikorosho. Kule kwetu korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Ninaowalaumu ni sisi tulioachia, na wale wanaochora ramani.

Nimezitazama ramani za mipango ya matumizi ya ardhi zilizobandikwa katika ofisi za vijiji. Ni kazi nzuri, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya mipango ya mwaka 2007 vijiji vingi vimepimwa na kugawanywa. Makazi yana rangi yake, kilimo rangi yake, msitu wa hifadhi rangi yake. Barabara zimo. Mapito ya mifugo yamo, na mahali pengine yamewekewa upana wake. Njia za miguu hazimo. Yaani ng'ombe anayepita na kwenda zake ametambuliwa, na bibi aliyepita hapo miaka sabini hakutambuliwa. Ruangwa nayo sasa inajulikana kwa kinywe, na leseni za madini zina mipaka iliyopimwa kwa mitambo ya satelaiti. Chochote chenye ramani kina mwenyewe wa kukitetea. Njia haina ramani, kwa hiyo siku ya mgawanyo inahesabiwa kuwa pori.

Kuna wanaoniambia kwamba kuhifadhi njia za miguu ni anasa ya Wazungu. Nawajibu kwa kisa cha Wazungu wenyewe. Mwaka 1932 vijana wa viwandani huko Uingereza, watu maskini, walipanda kwa nguvu mlima uitwao Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi ili wapate kuwinda ndege, na baadhi yao walifungwa jela. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1949, bunge lao likapitisha sheria iliyozitaka halmashauri zichore ramani za njia zote za miguu, na njia iliyochorwa ikawa haifungiki kwa matakwa ya mtu mmoja. Sasa, ndugu msomaji, tafadhali rudi nyuma uitazame tarehe hiyo. Mwaka 1949 ndio mwaka ambao serikali hiyo hiyo ilikuwa hapa Nachingwea na matrekta yake ya minyororo, ikikwangua miombo, makaburi na njia, ili ipande karanga. Kwao walichora njia. Kwetu walizifuta. Sisi tunaojitawala tangu mwaka 1961 tumwige yupi kati ya hao wawili?

Wengine husema kutembea kwa miguu ni umaskini, na kwamba tuliyakomboa maisha yetu ili tupande magari. Ninaposikia hivyo nakumbuka Farm 17. Nilikuwa kijana mdogo wakati FRELIMO wakifanya mazoezi pale Nachingwea, na alfajiri tuliwasikia wakiimba wakitembea. Samora Machel alikuwa miongoni mwao. Watu wale walitoka hapa kuelekea Ruvuma, na mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru. Hakuna aliyewaambia kwamba miguu yao ni aibu.

Na wapo wanaosema, kwa upole wa kujua, kwamba mwenyeji hana haja ya kutazama mandhari, mandhari ni ya mtalii. Maneno hayo nayachukia kuliko yote. Mwaka ule ule wa 1987, kabla ya ajali, tulimkuta mama mmoja mzee ukingoni, mzigo wa kuni ameutua, ametazama bonde. Mtoto mmoja akamwuliza, "Bibi, unatazama nini?" Akajibu, "Napumzika." Mwembe wenye kivuli ulikuwa hatua mia nyuma yake. Pale ukingoni palikuwa na jua kali na upepo.

Sikatai wageni. Wala sikatai fedha, kwa kuwa kijiji kinahitaji fedha. Huko Lushoto kuna genge la Irente, linalotazama nyanda za chini, na mgeni huliendea kwa miguu kutoka mjini, akiongozwa na kijana wa Kisambaa anayemweleza miti na mashamba. Tangu miaka ya 1990 vijana wa kule wamekula na kusomesha kwa njia za miguu, pamoja na zile za baiskeli zinazozunguka milima yao. Mgeni anayepanda kwa saa mbili hununua ndizi njiani, hula ugali, hulala kijijini kwa kuwa amechoka. Mgeni anayepanda kwa gari mpaka kwenye kioo hununua soda, hupiga picha, na saa kumi amekwisha kurudi Lindi. Kijana wa kikaoni alikuwa na hesabu nyingi kwenye ukuta, lakini hiyo hakuifanya.

Mgeni na alipe. Amlipe kiongozi wake, akilipe kijiji, na akiingia katika msitu wa hifadhi afuate taratibu za wenye msitu, kwa sababu yule komba wa gramu 60 hana pa kuhamia. Lakini geti lisisimame kati ya mwenyeji na ukingo. Nitakuwa kichekesho cha ajabu siku nitakapokata tiketi ili nisimame mahali nilipowafundishia watoto wa watu ramani.

Kwa walimu vijana sina ukali. Najua wanaogopa barua, nami niliiogopa. Ila nimeona kwamba barua ile imekaa kwenye faili miaka yote hii na haijamponya mtoto yeyote mkono, ilhali kamba ya mita ishirini kwenye pindo la tatu, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi, vingetosha. Sikuvifikiria wakati ule. Nilifikiria kazi yangu.

Mwezi uliopita nimeandika barua yangu mwenyewe, kwa mkono, kwa mwenyekiti wa kijiji kile. Nimeomba kwamba mpango wa ardhi utakapopitiwa upya, katika lile eneo la kijani la mikorosho wachore mstari mmoja wa upana wa mita mbili, kutoka kisima cha zamani mpaka ukingoni, na uandikwe katika kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji kuwa ni njia ya watu wote. Mwenye shamba amekubali kung'oa miche kumi na minne, tulihesabu pamoja. Ameomba afidiwe miche kumi, minne anaitoa mwenyewe. Pindo la kwanza na la pili nimekwisha kuyapata chini ya majani, kwa panga, nikiwa na mjukuu. La tatu bado tunalitafuta.